Fundi kabadilisha kabureta, mashine ya boti sasa inakohoa kuliko mwanzo

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mashine yangu ni farasi 15, silinda mbili, zile za kuchanganya oili na petroli, petroli 50 kwa oili 1. Ilikuwa na kosa moja tu, kugoma kuwaka asubuhi. Fundi akaitazama dakika mbili, akasema kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) imekufa, nunua mpya. Nikanunua. Akaifunga, akavuta kamba, ikanguruma, akapokea hela yake akaondoka.

Tangu siku hiyo ni balaa. Ukiiacha ingurume taratibu inapanda yenyewe, inashuka, inapanda tena, halafu kimya. Ukiingiza gia inazima. Ukipiga resi ghafla inapiga chafya kwenye kabureta ndipo inashika. Nampigia fundi: "Kabureta mpya hiyo bosi, lazima izoee." Izoee nini, kwani ni kiatu? Napiga tena, kosa ni plagi. Nimenunua plagi. Napiga tena, petroli yangu ina maji. Nimemwaga petroli, nimeosha tangi. Inakohoa vilevile.

Jana nikaishika mwenyewe. Nikazamisha mguu wa mashine kwenye pipa la maji (msiiwashe kavu, mtaua impela, ile feni ya pampu ya maji ya kupoza injini), nikawasha. Nikaminya pampu ya mkono ya mafuta, hakuna kilichobadilika, kwa hiyo mafuta yanafika. Nikavuta choki nusu, ile ya kupunguza hewa, ikatulia kabisa. Basi hewa imezidi mafuta, lakini inapitia wapi? Nikapuliza maji kidogo kwa chupa pale kabureta inapokutana na injini, mlio ukabadilika papo hapo. Basi hewa inapenya hapo.

Nafungua nakuta gasketi (ile ya kuziba maungio) ni ileile ya zamani, imechanika kona ya chini, kaipaka silikoni. Silikoni kwenye petroli! Imelainika kama kamasi. Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa kaifungua karibu mizunguko minne ili kuficha aibu, wakati kitabu cha mashine hii kinasema mmoja na nusu. Na gasketi mpya? Ilikuja ndani ya boksi la kabureta. Nimeikuta humo, bado imo kwenye nailoni yake.

Plagi zote mbili zilikuwa nyeupe kama chaki, dalili kwamba petroli ilikuwa haitoshi. Mashine hizi oili inaingia na petroli, petroli ikipungua ujue na oili imepungua. Safari ndefu mbili tatu zaidi na leo ningekuwa nalia injini kunoki, na yeye angesema nimekosea kuchanganya.

Nimefunga gasketi mpya, skrubu nimeirudisha mahali pake, sasa chini inanguruma safi. Katikati bado inajikwaa kidogo. Nashuku ile fimbo ya akseleta, maana mafuta yakifunguliwa na moto wa plagi unawahishwa, viwili hivyo vinatakiwa kwenda pamoja, na yeye aliifunga kwa kukadiria macho. Aliyewahi kuipanga anielekeze nianzie wapi.

Halafu kuna kabureta yangu ya zamani, ambayo naamini ilikuwa na jeti (kitundu cha kupitisha petroli) iliyoziba tu. Niliidai siku ileile, akasema ameitupa. Leo asubuhi kanitumia ujumbe: kama nahitaji spea, anayo kabureta "iliyotumika kidogo" ya mashine kama yangu.