Slaidi za histolojia kwa patholojisti aliye mbali: picha chache, video laivu au skana ya slaidi nzima?

Fundi_Maabara
Wakuu habari za kazi. Naomba ushauri, hasa wa mtu aliyewahi kufanya kwa mikono yake. Maabara yetu inakata tishu na kupaka H&E (rangi ya kawaida ya kuonyesha seli) yenyewe na inatoka vizuri tu, tatizo hatuna patholojisti, yaani daktari wa kusoma tishu, kwa hiyo vioo (slaidi zenyewe) vinafungwa kwenye boksi vinasafirishwa, majibu yanarudi baada ya wiki kadhaa na mgonjwa muda wote huo hajui kama ana saratani au hana. Tunataka tuanze kutuma picha. Nimeona njia tatu: kupiga picha chache kwenye hadubini na kuzituma, kumrushia daktari video laivu huku mimi nasogeza slaidi, au kununua skana inayochukua slaidi nzima. Nyingi ni sampuli za matiti, shingo ya kizazi na mitoki. Ipi tuanze nayo?

nta_na_fomalini
Mkuu anza na simu. Tafuta kishikio cha kufunga simu kwenye lenzi ya macho isitikisike, mwanga usawazishe mpaka sehemu isiyo na tishu ionekane nyeupe kabisa siyo ya njano, alafu piga kwa mpangilio, kwanza lenzi ya 4 (inayokuza mara 4) aone ramani nzima, kisha 10, mwisho 40. Na usitume kama picha ya kawaida kwenye app za kuchati, tuma kama dokumenti maana app inabana picha na kromatini, ule mchoro wa ndani ya kiini cha seli, inakuwa kama uji. Sisi tumeenda hivo muda mrefu.

MamaSlaidi
Naheshimu hiyo njia ila ngoja niseme kilichonikuta. Ilikuwa biopsi (kipande cha tishu) ya titi, nikapiga picha 6, safi kabisa, nikatuma, jibu likarudi kwamba kwa alichokiona hakuna uvamizi wa saratani ila akaomba kioo chenyewe. Kioo kilipomfikia akanipigia simu, akasema angalia ukingoni kushoto, karibu na alama ya kalamu. Nikarudi kwenye kipande kingine cha bloku ileile (tishu iliyowekwa kwenye nta) nikaona, kundi dogo la seli limeshatoka nje ya mfereji wa maziwa limeingia kwenye mafuta. Mimi nilipita hapo nikaona ni mkunjo wa tishu tu, sikupapiga. Daktari hakukosea, aliyechagua pa kuangalia nilikuwa mimi na mimi sikusomea hiyo kazi. Tangu siku ile picha chache natuma kwa kuomba mawazo tu, siyo kwa majibu ya mwisho.

Dr_Kiini
Dada MamaSlaidi umesema jambo kubwa, na sisi tunaopokea ndicho kinachotunyima usingizi. Mimi nikikaa kwenye hadubini naipitia slaidi yote kona hadi kona kwanza, jicho likishtuka ndo nabadili lenzi. Picha 6 zinaninyima hilo.

Video laivu inanirudishia nusu yake, nakwambia rudi, shuka, hapo simama, weka 40. Na siyo kitu kipya, mwaka 1986 kule Marekani walishaonyesha hadubini inayoendeshwa kwa mbali, kutoka El Paso hadi Washington kupitia satelaiti, na Tromsø huko Norway kwenye miaka ya 1990 walikuwa wanasoma tishu za kugandishwa (zinazokatwa haraka wakati wa upasuaji) za hospitali isiyo na patholojisti mgonjwa akiwa bado mezani. Kwa tishu ya kugandisha, ambapo jibu linatakiwa ndani ya dakika 20 hivi, video ni nzuri sana. Ila kwa kazi ya kila siku ni lazima mimi na wewe tuwe huru saa ileile, na intaneti ikikwama katikati tunaanza upya.

waya_na_seva
Mimi ni mtu wa mitandao. Watu wanaogopa skana kwa sababu ya ukubwa wa faili, tupige hesabu: tishu ya milimita 15 kwa 15, kila pikseli ikiwa maikroni 0.25, ni pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6, karibu GB 11 kabla ya kubanwa. Ikibanwa mara nyingi inafika GB 1 au chini. Lakini daktari hadownload yote, picha imekatwa vigae vidogo kwa ngazi za ukuzaji, akizumu sehemu fulani vinakuja vya hapo tu. Mzigo mzito uko kwenu mnaopandisha, kwa hiyo pandisheni usiku na asubuhi anazikuta.

Dr_Kiini
Sahihi. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu mfumo wa kwanza wa slaidi nzima kwa utambuzi wa msingi, yaani kutoa jibu kwenye skrini bila kioo, kwa hiyo kwa H&E mimi niko upande wa skana. Lakini isichukuliwe kama inaona kila kitu. Bakteria wa TB kwenye rangi ya Ziehl-Neelsen kuwapata ni shida, rangi ya Kongo redi inahitaji mwanga wa polaraizi ambao skana nyingi hazina, na smia (seli zilizopakwa kwenye kioo) zikiwa nene zinatoka na ukungu kwa sababu skana imelenga tabaka moja. Kwa hizo vitumwe vioo vyenyewe. Na kabla ya kuanza chukueni kesi zisizopungua 60, nizisome kwenye skrini, zipite wiki 2 nisahau, nizisome tena kwenye kioo, tuone kama majibu yanakubaliana.

Fundi_Maabara
Dokta asante sana, na MamaSlaidi kwa kweli umenifungua macho, maana nilikuwa nimeshaamua ni simu. Naandika maombi ya skana, wakati tunasubiri ntatumia video kwa kesi za haraka na vioo viendelee kusafiri. Kabatini tuna slaidi za zamani zenye majibu tayari, naanza kuzitoa hizo 60.

nta_na_fomalini
Ukizitoa angalia lebo mkuu. Skana nyingi zinapiga na lebo, kama jina la mgonjwa limeandikwa pale linaenda na faili. Weka namba tu.