Wameruhusiwa kukopa dola nusu bilioni kwa viwanja vya maonyesho Albuquerque, sisi wapangaji tutajulishwa lini?

Wakuu, tangu ile sheria ya kuviendeleza viwanja hivi isainiwe Aprili 2025 nimenyamaza, leo acha niteme nyongo.

Kwa ambao hamjafika huku New Mexico, Marekani, Maonyesho ya Jimbo ni kama uchukue Sabasaba na Nanenane uchanganye, halafu uongeze rodeo na kasino humohumo ndani. Ekari 236 katikati ya jiji, na yanafanyika pale tangu 1938. Mimi nimepanga upande wa barabara ya Central, kila Septemba nikifungua dirisha inaingia harufu ya pilipili, wanazichoma kwenye tenga la waya linalozungushwa juu ya moto wa gesi mpaka ganda linababuka, ukipita hapo na mafua yako unapona.

Sasa wabunge kule Santa Fe, makao makuu ya jimbo, wakapitisha muswada, SB 481, gavana Lujan Grisham akasaini. Tume ya maonyesho ipo miaka yote, ila juu ya ardhi ileile ikaundwa wilaya maalum yenye bodi yake, na imeruhusiwa kukopa mpaka dola milioni 500 kwa hati fungani, yaani karatasi za deni wanazouziwa wawekezaji, na deni litalipwa na kodi ya serikali itakayoongezeka hapohapo eneo likishachangamka. Rudia kusoma hapo. Yaani ili hesabu zao zikae sawa ni lazima mtaa upande bei, na mtaa ukipanda bei anayehama nani, mwenye nyumba? Thubutu!

Bodi ina watu 7. Gavana, meya, wanasiasa wa jiji, kaunti na bunge, halafu kiti kimoja cha jumuiya za mtaa. KIMOJA! Na huu mtaa unaitwa International District kwa sababu watu wa kila taifa wamejaa humu, wakiwemo ndugu zetu wengi tu kutoka Kongo.

Najua atakuja mtu hapa kusema mtaa umechoka, madawa, risasi usiku. Naishi hapa bana, sihitaji kusimuliwa. Nyuma ya ule uzio wa viwanja kuna bonge la parking, sehemu kubwa ya mwaka lipo tupu linachomwa na jua, watoto wanacheza mpira barabarani magari yanawapigia honi. Kwa hiyo sipingi kujenga, wajenge hata kesho. Kinachoniudhi ni kupewa ruhusa ya kukopa kwanza halafu ndio mnaanza kuulizana tujenge nini, hivi nyumbani kwako unakopa hivyo?

Halafu mwenye nyumba wangu huyo, hata tofali moja halijawekwa, kashaleta barua ya kupandisha kodi ya nyumba eti eneo "linakua". Linakua wapi?

Mwenye tarehe ya kikao kijacho cha bodi aiweke hapa tafadhali. Nitaenda na jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, jana kaniuliza hizo hati fungani ni kitu gani na nimemwahidi nitakaa pembeni yake nimtafsirie.