Mafundi wa kompyuta, acheni kukata waya za feni za watu!

Waungwana, asalaam aleikum. Uzi huu nawafungulia mafundi wa kompyuta wa mjini Unguja, wale wanaopokea mashine zetu kutoka Pemba wakijua mwenyewe yuko ng'ambo na hawezi kurudi kesho asubuhi kuuliza. Jina la fundi silitaji. Akisoma atajijua.

Mie nina kiofisi cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Chake Chake. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, lile umbo dogo, prosesa yake Intel i5 ya kizazi cha tatu. Ni mtumba, toleo la 2012, lakini kwa barua na ripoti za wanafunzi hainipungukii kitu. Tatizo lilikuwa kelele na joto. Ikifika kaskazi feni inavuma kutwa nzima, mteja mpaka apaze sauti ndiyo nisikie jina lake. Nikaifunga kwenye boksi, ikapanda boti Mkoani, ikaenda kwa fundi niliyeelekezwa kuwa ndiye bingwa. Nilimwagiza atoe vumbi, aweke pesti mpya ya kupitishia joto juu ya prosesa, na kama feni imechoka abadilishe, gharama juu yangu.

Ikarudi kimya kabisa. Nikalipa 40,000 zake bila kunung'unika. Ila kila nikiiwasha inasimama na kutoa onyo kwamba feni ina hitilafu, haiendelei mpaka nibonyeze kitufe cha F1. Nikampigia simu. "Ami, hilo lisikushughulishe, bonyeza tu uendelee na kazi." Haukupita muda ikawa nzito, kufungua faili moja unasubiri, na mchana wa jua kali ikazima yenyewe huku mwanafunzi kakaa pembeni yangu anangoja kazi yake ya kuwasilisha siku ile ile. Nikampigia tena. "Mashine ishazeeka hiyo, ami. Ninayo nyingine hapa, nikufanyie bei?"

Nikachukua bisibisi, nikaifungua mwenyewe.

Feni ya mashine hii ina waya nne. Mbili ni za umeme, moja inapeleka habari ya kasi kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, na ya nne inapokea amri: joto likipanda zunguka zaidi, likishuka tulia. Fundi kazikata zote nne. Kichwa cha waya, ambacho kwa Dell hizi si kile cha kawaida unachokikuta kila duka, kakitupa. Kisha kachukua zile mbili za umeme kaziunga kwenye waya mwekundu na mweusi zinazolisha hadidiski, ile diski inayotunza mafaili. Waya ule mwekundu ni wa volti 5, na feni ni ya volti 12. Kiungo chenyewe hata hakukichomea kwa risasi ya kulehemu, kakisokota kwa vidole na kuzungushia teipu nyeusi, na kwa joto la mle ndani teipu ilikuwa ishaachia. Waya umebaki uchi, karibu ugusane na bati la boksi.

Ukimya niliolipia ndio huo. Prosesa ya wati 77 inapozwa na feni inayojikokota, na madabodi haina tena njia ya kuiamuru iongeze kasi. Prosesa inajilinda yenyewe: joto likikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo, likizidi inazima mashine. Kwa hiyo ule uzee alionitajia ni kazi ya mikono yake. Kanitia ugonjwa, kisha anataka kuniuzia mashine nyingine! Na najiuliza ni wazee wangapi, skuli ngapi za huku kwetu, wameambiwa maneno hayo hayo wakatoa pesa wakanunua.

Sijamaliza. Nikajaribu kung'oa hitisinki, yale mapezi ya alumini yanayokaa juu ya prosesa, haling'oki. Kumbe chini yake hakuweka pesti, kaweka gundi. Kuna tyubu nyeupe ndogo zinauzwa rahisi, nazo ni gundi ya kubandikia vipande vidogo vya kupozea visivyo na skrubu. Haitakiwi juu ya prosesa ambayo kesho na keshokutwa itabidi ifunguliwe. Ilikuwa imekauka kama saruji. Ilibidi niiwashe mashine ipate moto, niizime, nichomoe umeme, halafu nilizungushe hitisinki polepole kulia na kushoto mpaka likaachia. Ningelivuta kwa nguvu ningeondoka na soketi inayoshika prosesa.

Na lile gamba jeusi la plastiki linaloongoza upepo kwenye mapezi halipo. Nilipomuuliza kanambia kalitoa kwa sababu "linabana hewa", na kama joto linanisumbua niache mfuniko wazi. Fundi mzima! Kwenye boksi dogo namna hii upepo una njia yake: unaingia mbele, unapita kwenye mapezi, unatokea nyuma. Ukiondoa gamba, feni inarudia kuvuta hewa ile ile ya moto. Ukiacha mfuniko wazi unavuruga njia yote, na hapa Pemba unakaribisha vumbi, chumvi ya bahari, sisimizi na mijusi ndani ya umeme.

Kazi niliyoagiza haikuwa ya ajabu. Mashine unaitoa nje, unapuliza vumbi kwa bloa huku umezuia pangaboi za feni kwa kidole zisizunguke ovyo zikaharibika. Pesti kuukuu unaifuta kwa spiriti, unaweka mpya kiasi cha punje ya choroko. Feni ikiwa inakwaruza, ni kubadilisha. Ukikosa, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli linasogeza siku. Pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, unaipuliza kwa nje tu bila kuifungua, maana kapasita zake, vile vipande vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata umeme ukishachomolewa. Na kelele nyingine ilikuwa ya hadidiski, inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na kutikisa boksi zima. Ukiweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, mlio huo haupo tena. Fundi mwaminifu angeniambia hilo na angepata pesa yake ya halali.

Aliyenisaidia ni kijana fundi redio hapa jirani. Kaunga waya zote nne kwa risasi kwenye kichwa kilichotoka kwenye mashine mbovu, onyo la F1 limeondoka, na feni sasa inapanda na kushuka inavyotakiwa. Lakini bila lile gamba bado ikifika saa nane mchana inavuma.

Kwa hiyo fundi, gamba langu unalo, si lako, na hukuniomba. Lipeleke bandarini Malindi, boti yoyote ya Pemba, nauli nitalipa mie huku. Simu zangu hupokei, basi jibu hapa. Na wengine humu, mwenye hitisinki la 7010 ndogo lenye gamba na feni yake kamili, Unguja au Pemba, aniambie bei, na anitumie picha ya kichwa cha waya kwanza nikione.