Ekskaveta ya tani 20: SPN 100, 102 na 157 zote FMI 4 kwa mpigo. Ni sensa au waya?

Kijiko24V:
Wakuu habari za kazi. Nina ekskaveta ya tani 20, injini ya silinda 6 ya komoni reli (bomba moja la dizeli ya presha kubwa linalolisha nozeli zote), umeme 24V. Ikishapata moto inaleta misimbo mitatu kwa mpigo (SPN ni namba ya kitu chenye kosa, FMI ni aina ya kosa): SPN 100 FMI 4 (presha ya oili), SPN 102 FMI 4 (presha ya hewa ya tabo) na SPN 157 FMI 4 (presha ya dizeli kwenye reli). Nguvu inashuka, RPM hazipandi. Ikipoa, misimbo inaondoka. Sensa ya oili imeshafungwa mpya, hali ni ileile. Kabla sijanunua hizo mbili zilizobaki, nianze kupima wapi?

FundiNyaya:
Mkuu, usinunue kitu bado. Sensa tatu kufa dakika moja ni jambo gumu kutokea. Hizo zote ni za waya tatu: 5V kutoka kompyuta ya injini, waya wa ishara, na hasi. Kwenye injini nyingi zinagawana laini moja ya 5V, kwa hiyo laini hiyo ikipiga shoti, ishara zote zinaanguka pamoja. FMI 4 inasema hivyohivyo: volti ziko chini ya kiwango. Angalia pia kama kuna SPN 3509 au 3510 kwenye orodha, maana hizo zinahusu umeme ambao kompyuta inazipelekea sensa.

Usichanganye na FMI 1. Hiyo inamaanisha sensa ni nzima na kipimo chenyewe kiko chini mno. SPN 100 ikija na FMI 1, zima injini na ufunge geji ya mkono kabla ya kuiwasha tena.

Pima tatizo likiwepo, yaani injini ikiwa ya moto. Ikiwa imepoa utapata 5V safi na utapoteza siku. Ufunguo ON, injini imezimwa, ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, pima kati ya waya wa 5V na hasi ya sensa. Inatakiwa 4.75 hadi 5.25V. Ikiwa chini, acha mita hapohapo, kisha mtu wa pili achomoe sensa moja baada ya nyingine. Ukichomoa moja na volti zikaruka hadi 5, hiyo ndiyo mbovu, imekula shoti ndani. Ukimaliza zote na volti bado ziko chini, tafuta kwenye mchoro wa umeme sensa nyingine iliyo kwenye laini hiyo. Mara nyingi ipo ya nne ambayo haikuleta msimbo.

Taa ya kupimia ya 24V iweke mbali. Inavuta mkondo mkubwa kuliko laini ya 5V inavyoweza kutoa, na unaweza kuiua kompyuta.

Mitambo_Geita:
Naongezea kwa upande wa hanesi (fungu la nyaya za injini). Kosa linalokuja na joto au mtikisiko, kagua kwanza waya unapopita karibu na ekzosi na tabo, juu ya stata, na kila klipu ya chuma iliyopoteza mpira wake. Chuma kinakata ganda la waya polepole.

Chomoa sensa ya oili uangalie ndani ya soketi. Ukikuta oili, kiwambo cha sensa kimepasuka, na oili inaweza kusafiri katikati ya nyuzi za shaba hadi plagi ya kompyuta. Hapo sensa mpya pekee haitoshi. Na tafadhali msitoboe ganda la waya kwa sindano ya mita: maji yanaingia, shaba inageuka kijani, na baada ya msimu mmoja wa mvua una kosa jipya.

Kijiko24V:
Asanteni sana. Ikiwa ya moto nimepata 0.3V. Nimechomoa zote tatu, bado 0.3V. Mchoro unaonyesha hakuna nyingine kwenye laini hiyo.

FundiNyaya:
Basi ni waya, au kompyuta yenyewe. Zima swichi kuu ya betri, chomoa plagi ya kompyuta, sensa zote ziwe nje. Pima omu kati ya pini ya 5V na chasi, halafu kati ya 5V na hasi ya sensa. Vipimo hivyo ni viwili tofauti, usiruke cha pili, kwa sababu nyaya hizi zinalala pamoja na mara nyingine zinagusana zenyewe kwa zenyewe bila kugusa chasi. Vyote viwili vikisoma OL (mita haioni muunganiko wowote), na ukiitikisa hanesi bado OL, ndipo uishuku kompyuta. Ukipata omu chache, shoti iko kwenye hanesi. Tenganisha plagi ya katikati upime kila upande, hapo unabaki na nusu ya kazi.

Ukipata mahali penye shoti, usifunge tepu tu. Kata palipoliwa, ungia waya wa unene uleule kwa kiungio cha kuminya, funika kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Kama nyaya kadhaa zimeliwa, viungio visikae usawa mmoja. Rudisha bomba la kulinda waya na klipu yenye mpira mpya.

Mitambo_Geita:
Na ukishaunga, washa injini hadi ipate moto kamili, mita ikiwa bado kwenye 5V, kisha tikisa hanesi yote kwa mkono, ukikaa mbali na feni na mikanda. Volti zikicheza hata kidogo, kuna sehemu ya pili bado.