Vikapu vya Pasaka vya watoto: Biblia, vitu vya kutumia, au vile vilivyopangwa tayari?

mama_watatu:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Pasaka hiyo inakaribia na mwaka huu nataka kubadilisha vikapu vya wanangu, maana vinajaa pipi na vidoli vya plastiki na ikifika Jumatatu nusu vimeshavunjika na Yesu mwenyewe hajatajwa popote. Ninao watatu, miaka 4, 8 na 12, na hela yenyewe ni ya kubana sana. Nina njia tatu kichwani. Kila mtoto apate Biblia yake basi, au niweke vitu vidogo vya kutumia kila siku ila kila kimoja kiwe na habari yake kwenye maandiko, au ninunue vile vikapu vilivyokwisha kupangwa vyenye stika na bangili za misalaba. Mngechukua ipi?

Mwl_JumapiliShule:
Amina dada. Hiyo ya mwisho iache, hela nyingi inaishia kwenye nailoni na utepe. Biblia ni nzuri lakini angalia umri. Wa miaka 4 bado hasomi, mpe kitabu cha picha cha hadithi za Biblia chenye kurasa ngumu. Wa 8 Agano Jipya la maandishi makubwa linamtosha kabisa na mara nyingi ni nafuu kuliko Biblia nzima. Wa 12 ndo umpe Biblia kamili, na kabla hujalipa ifungue uone herufi, pia iwe lugha anayoisoma bila kujikwaa, sio ile unayoipenda wewe.

Nuru_81:
Mwalimu nakuheshimu ila hapo mi naona tofauti. Mtoto wa miaka 8 akipewa kitabu peke yake na wenzake wanafungua vitu vya rangi rangi, atakipokea kwa adabu na hatakigusa tena. Naipigia kura hiyo ya vitu vya kutumia, asilimia zote. Sisi huwa hatununui hata kikapu, tunatumia beseni dogo, kwa sababu Yohana 13 Yesu alitia maji kwenye beseni akawaosha wanafunzi miguu akawafuta kwa kitambaa. Kwa hiyo ndani ya beseni naweka taulo dogo na sabuni, Alhamisi Kuu jioni tunaoshana miguu watoto wakiwa wa kwanza kuwaosha wazazi, halafu taulo na sabuni vinaendelea kutumika. Vitu ambavyo ungenunua tu hata kama sio Pasaka!

Mwl_JumapiliShule:
Hilo la beseni limenigusa Nuru. Basi changanya dada, Biblia apate huyo mkubwa tu, wadogo waende na vitu. Na soksi au ndala mpya ziingie kwa habari ya wale wawili wa njia ya Emau, Luka 24, walitembea karibu kilomita 11 halafu usiku uleule wakarudi Yerusalemu kupeleka habari, watoto wanapenda sana kupiga hesabu ya huo mwendo.

mkono_wa_karatasi:
Kwa bajeti ya kubana hakuna kinachoishinda seti ya mayai 12 ya ufufuo, yaani kila yai lina kitu kidogo ndani cha kusimulia mateso na kufufuka kwa Yesu, na huhitaji kununua mayai ya plastiki, viboksi vya kibiriti vilivyokwisha vinatosha, unavifunika karatasi ya rangi unaandika namba. Ndani sarafu za Yuda, mwiba, msumari butu, kete kwa ajili ya wale askari waliopigia kura nguo zake, kipande cha kitambaa cheupe, jiwe dogo, na vingine unaongeza mwenyewe kufuata habari ilivyo. Cha 12 kinabaki kitupu, hapo ndo nyumba nzima inapiga kelele. Seti moja ni ya familia nzima na mwakani unaitoa tena. Ila kama kuna mtoto chini ya miaka 3 hapo nyumbani usimwachie, vitu vidogo hivyo vinaweza kumkaba.

katekista_mstaafu:
Tumsifu Yesu Kristo wanangu. Naona mnahangaika kujaza kila kitu siku moja, kwa nini? Pasaka ni siku 50 mpaka Pentekoste. Jumapili ya Pasaka weka kitu kimoja tu, Jumapili inayofuata kingine, hela nayo inapata nafasi ya kupumua. Daftari la kawaida liwemo mapema, mtoto aandike au achore neno moja la shukrani kila siku. Na kibubu, kwa habari ya mama mjane na senti zake mbili, Marko 12, mkikubaliana tangu mwanzo kwamba kikifunguliwa Pentekoste hela inaenda kwa nani.

mama_watatu:
Shikamoo mzee, hilo la kugawa sikuwahi kuliwaza kabisa na ndo limenipa unafuu kuliko yote. Asanteni. Beseni na viboksi vya kibiriti nachukua. Swali moja, wa miaka 4 nimwekee mbegu za maharage apande, au ni mapema sana kwake?

Nuru_81:
Mwekee dada! Tena apande Jumapili ya Matawi kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu, huwa zinachipua ndani ya wiki hivi, kwa hiyo akiamka Pasaka kuna uwezekano akakuta zimetoka. Msomee Yohana 12:24 siku ya kupanda, ile ya punje ya ngano inayokufa ardhini ndo izae. Panda tano sita, isije ikawa moja tu na ikagoma.

mkono_wa_karatasi:
Na huyo wa 12 usimpe viboksi afungue kama mdogo, atajisikia vibaya, mpe kazi ya kuvificha na kuwasomea wenzake Yohana 20 kutoka kwenye Biblia yake mpya.