Mama mkubwa yuko chumba cha maiti hadi kesho tukimsubiri mwanawe. Naombeni ushauri

MwanaWaWete:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mama mkubwa wangu amefariki leo baada ya magharibi, hospitali moja hapa mjini Unguja. Mie nimevuka kutoka Pemba kuja kumuuguza. Mwanawe wa pekee yuko Muscat, amepata ndege ya usiku, na wazee wameafikiana asubiriwe, maziko yawe kesho baada ya adhuhuri. Kwa hivyo ametiwa kwenye friji.

Josho, yaani kumwosha maiti, nimekabidhiwa mie, na roho haijatulia. Waliokuja kumchukua wodini ni wanaume wawili na machela. Huko ndani anavuliwa nguo? Halafu mjomba kanishikilia nihakikishe hawamdungi sindano ya dawa. La tatu ndilo linaloniogopesha zaidi: alipofariki babu, mgongo ulionekana una mabaka ya zambarau, watu wakasema kapigwa au kaangushwa, ikawa ugomvi mkubwa na wauguzi. Sitaki yajirudie. Hasa hasa maiti hufanyiwa nini mule ndani?

Kibandamaiti_Boy:
Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Lakini mngemzika usiku huu huu. Maiti haraka, mwana atazuru kaburi.

AbuSalim:
@Kibandamaiti_Boy haraka ni sunna, hakuna anayebisha. Ila masheikh wetu wa Kishafi wamesema hakuna ubaya kumngoja walii, yaani msimamizi wa marehemu katika jamaa zake, aliye karibu kufika, maadamu haikhofiwi maiti kubadilika. Baba na babu wa marehemu kama hawapo, mwana ndiye walii. Ndege ikichelewa hapo ndipo msiendelee kungoja: zikeni, yeye ataswali kaburini. Kubalianeni saa ya mwisho usiku huu, si kesho watu washakusanyika.

NesiMstaafu:
Pole sana mwanangu. Kazi kubwa huwa imeshafanyika wodini kabla ya hao wanaume kufika. Muuguzi humfumba macho, humfunga kidevu kwa bendeji ili kinywa kisibaki wazi, humnyoosha mikono na miguu, humtoa mipira ya mkojo na ya dripu, humfuta, humvika pempasi, kisha humzungushia shuka mwili mzima. Meno ya bandia kama anayo hurudishwa mapema, maana taya likishakaza hayaingii tena. Pete na bangili huandikwa na kukabidhiwa jamaa kwa saini. Ulitia saini? Kama hukutia, kaulizie usiku huu huu maana zamu hubadilika asubuhi.

MwanaWaWete:
Shikamoo bibi. Bangili nilipewa, pete moja imebaki kidoleni, haitoki.

NesiMstaafu:
Marahaba. Basi iandikwe kwenye daftari kuwa imebaki kidoleni. Kesho itoeni kwa sabuni kwenye josho.

Zamu_ya_Usiku:
Nimefanya kazi chumba cha maiti miaka mingi, nitakwambia tunachofanya.

Anapokelewa na shuka yake, anaandikwa daftarini, anafungwa kibandiko chenye jina mkononi au mguuni, anawekwa kwenye trei na namba ya mlango inaandikwa. Basi. Hatuna sababu ya kumvua mtu anayesubiri maziko tu. Anayefunuliwa ni yule ambaye polisi au daktari ametaka achunguzwe, na hapo jamaa mnajua, hafanyiwi kimyakimya. Ukitaka wanawake ndio wamtoe kwenye trei, sema mapema. Mara nyingi nimeona jamaa wenyewe wanaingia, sisi tunashika trei tu tukiwa tumetazama pembeni.

Friji hiyo haigandishi. Huwa baina ya nyuzi 2 na 6 hivi, kama ya nyumbani unapoweka maziwa. Inachelewesha kuharibika, haizuii. Sindano aliyosema mjomba ni formalini, dawa ya kuzuia maiti kuoza, hutumika maiti akisafirishwa mbali au akikaa siku nyingi. Kwa usiku mmoja haina kazi, na si kitu cha kufanywa bila jamaa kuombwa.

Sasa mabaka. Moyo ukisimama damu haizunguki tena, inateremka upande wa chini. Mtu kalala chali, basi mgongo, makalio na nyuma ya mapaja hugeuka zambarau ndani ya saa chache. Angalia palipogusana na trei, mabegani na makalioni: pataonekana peupe, kwa kuwa uzito umeizuia damu kufika. Mtu aliyepigwa hatoki na ramani ya namna hiyo. Waambie jamaa watakaoosha kabla hawajaingia, si wakati shuka limeshafunuliwa.

MzeeWaFuoni:
Nina swali la kizee. Je, jenereta ipo? Sisi tuliokaa gizani umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuamini friji yoyote bila kusikia mngurumo nyuma ya ukuta.

Zamu_ya_Usiku:
Mzee 😂 swali halali kabisa. Aulize. Mlango usipofunguliwa ovyo, baridi inadumu kwa muda hata umeme ukikatika.

BiMuosha:
Binti, mie nimeosha wengi waliotoka friji, nikwambie ya josho.

Atakuwa mkavu kama ubao. Kukaza huanza saa mbili tatu baada ya kufa, na baridi huchelewesha kulegea. Kwa hiyo msimtoe saa sita mkakimbilia swala. Atolewe asubuhi, kama saa tatu, akae akiwa amefunikwa. Mikono ikiwa imekunjika, ikandeni bega kwanza, kisha kiwiko, kisha vidole, polepole, na maji ya uvuguvugu. Msitumie nguvu wala maji ya moto, ngozi yake si ngozi ya jana.

Mkimgeuza anaweza kutoa sauti kama kuguna. Ni hewa tu inatoka kifuani. Mwambie mapema yule mwenye moyo mwepesi, nimeshaona mtu kaangusha kata akakimbia hadi barazani. Puani panaweza kutoka majimaji yenye damu, wekeni pamba. Vaeni glavu, aproni na barakoa, na muulizeni daktari kafa kwa maradhi gani. Kuna maradhi ambayo josho lake hufanywa kwa masharti ya hospitali.

Kitambaa kikubwa kimfunike muda wote, mnaosha chini yake. Majani ya mkunazi kwanza, karafuu maiti (kafuri) katika josho la mwisho, idadi ya majosho iwe witri, yaani isiyogawika kwa mbili. Nywele misuko mitatu, irudishwe nyuma. Sanda ya mwanamke ni vitambaa vitano, vikateni usiku huu. Wanne mnatosha, wasioshika kazi wakae nje.

MwanaWaWete:
Allah awalipe nyote. Nimeongea na zamu ya usiku, jenereta ipo, na kesho saa tatu atakuwepo muuguzi wa kike. Ndege ya kaka inatua saa nne. Wazee wamekubali: ikifika saa saba hajafika, tunaswali. Fomu ya kifo niliyopewa naipeleka wapi?

NesiMstaafu:
Itoe kopi, moja mpe sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu. Yenyewe ndiyo ya kuombea cheti kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na bila cheti mirathi haitasogea huko Kamisheni ya Wakfu. Ibaki kwako, usimwachie mjomba.