Askari karudi, vita havijamwacha: nianzie wapi kwenye fasihi ya Urusi?

Msomaji, Mlimani: Habari zenu wadau. Naandaa mada ya semina kuhusu majeraha ya nafsi ya askari waliorudi baada ya 1945. Nisome nini, nitafute nini?

Mdau wa Kariakoo: Anza na mwandishi Andrei Platonov, hadithi iliyotoka 1946 katika jarida la Novy Mir kwa jina la “Familia ya Ivanov”. Usitafute ndoto za mizinga humo. Mtazame Petrushka, kitoto kinachoendesha nyumba kama mzee: anamwelekeza mama yake mambo ya jiko, mezani anajikatia kipande kidogo ili wengine wapate zaidi. Baba yake, Kapteni Ivanov, akirudi kutoka vitani anakuta nafasi yake imeshazibwa. Wivu na hasira vinamlipukia mkewe usiku, asubuhi anapanda treni aondoke. Soma polepole hapo anapowaona watoto wakiikimbilia treni.

Mwalimu, Temeke: Naunga mkono. Ongeza hadithi ya Mikhail Sholokhov, “Hatima ya Mtu”, iliyotoka katika gazeti la Pravda, 31 Desemba 1956 na 1 Januari 1957. Sokolov, askari aliyewahi kuwa mateka wa Wajerumani, mchana anajikaza, usiku anaiota familia yake iliyokufa, yeye akiwa nyuma ya seng’enge. Anaamka mto umelowa machozi. Tarehe ni muhimu mno, ndugu yangu: Platonov alishambuliwa gazetini Januari 1947 kwa kuonyesha familia iliyopasuka, ilhali Sholokhov aliandika Stalin akiwa ameshafariki, mateka wa zamani akaweza kuwa shujaa.

Wengi hukosea kumbandika Ivanov jina la ugonjwa lililorasimishwa Marekani 1980, yaani PTSD, msongo unaobaki baada ya kiwewe. Eleza kwanza matendo yake.

Msomaji, Mlimani: Asante sana mwalimu. Naanza na Petrushka.